Sanduku la Mbao za Mama Mkwe

Sofia, 12 Mei 2019

Baba yangu,

Kifurushi hiki nimemkabidhi dereva wa basi la mchana, yule mwenye masharubu anayekujua tangu enzi za bendi. Amekataa hela. Amesema nikusalimie na nikuulize kama bado unapiga gitaa au siku hizi unalima nyanya tu. Mjibu mwenyewe utakapokipokea pale stendi.

Ndani kuna kisanduku cha chuma, ukubwa wake kama kitabu cha sala. Usikidharau. Mna amplifaya yako humo, na lile sanduku lako la spika, ulilolitengeneza kwa mbao za kabati la nguo la bibi, yule mama mkwe wako aliyekununia mpaka anakufa. Najua unacheka. Unakumbuka wiki ile kabla ya Pasaka, nilipokuja na maikrofoni zangu tukalibeba hadi ukumbi wa nyumba ya utamaduni? Ule mluzi niliouchezesha kwenye spika, ulioanza kama ngurumo ukapanda na kupanda, mpaka Mama akauliza kama tunaita mbwa wa Gabrovo nzima, ndio uliofanya kazi yote. Kompyuta inajua mluzi ulivyoingia, na maikrofoni inajua ulivyotoka. Kilichobadilika hapo katikati ndicho sanduku lenyewe: mbao, gundi, karatasi ya spika, kila kitu. Hicho nimekihifadhi humu. Ukichomeka gitaa, sauti itatoka kana kwamba imepita kwenye spika zako na kunaswa na maikrofoni pale ukumbini.

Nimekuwekea na hedifoni. Zivae, piga kwa nguvu zako zote, na hakuna jirani atakayejua. Naelewa ilikuuma kumpa yule mtu wa Tryavna vyombo vyako. Lakini mkutano wa jengo ulishapiga kura vyombo viondoke kwa ajili ya kelele, na Mama ndiye aliyenyoosha mkono wa kwanza. Ng'ombe haelemewi na nunduye, Baba, ila majirani wanaweza kuelemewa na nundu ya ng'ombe wa mwenzao.

Oktoba si mbali. Siku ya Mtakatifu Dimitar, wewe na bendi yenu ya Radi Kavu mnapanda tena jukwaani baada ya miaka yote hii, na nataka uwe umejiandaa. Na kuna jambo langu pia. Kazini wanataka kuliingiza sanduku lako kwenye programu ya kompyuta tutakayoitoa vuli, ili wapiga gitaa wa Ufini na Brazili nao walipige. Nimemwambia Yavor, mkuu wangu, kwamba halitoki mpaka wewe uridhike. Masikio yako ndiyo mahakama yangu ya mwisho.

Wako,
Zornitsa


Gabrovo, 20 Mei 2019

Mwanangu Zornitsa,

Nimemjibu dereva kwamba nyanya nalima na gitaa napiga, na yeye vyote viwili vimemshinda. Amecheka, lakini kidogo.

Kisanduku nimekipata. Mama yako alipokiona alidhani ni mashine ya kupimia presha, akakunja mkono wa blauzi na kukaa akisubiri. Nilishindwa kumkatisha tamaa, nikamwambia presha yake nzuri.

Sasa nikwambie ukweli, maana mimi na wewe hatujazoea kudanganyana. Nimekipiga alasiri kadhaa, yeye akiwa jikoni na majirani wakiwa makazini. Kwanza nilistaajabu. Ni sauti yangu, naitambua kama mtu anavyotambua kikohozi chake. Lakini imefungwa mdomo, mwanangu. Imevalishwa makoti. Nyuzi nyembamba hazikati, na nyuzi nene zinavuma kama ng'ombe aliyefungiwa zizini. Sanduku langu lilikuwa na ukali fulani, ulikuwa ukigusa uzi wa kwanza mtu wa mstari wa nyuma anaacha kutafuna. Huo sijausikia.

Hedifoni ndiyo, nimezivaa. Zinabana kidogo, lakini nimezivaa.

Usikasirike. Ulisema mimi ni mahakama, na mahakama haiangalii uso wa mtu. Kuncho na besi lake anasema Radi Kavu tutaanza mazoezi ya pamoja Septemba. Mpaka hapo utakuwa umeshaipata sauti, nakujua. Ulikuwa hujafika kimo cha meza lakini ulikuwa unajua friji yetu inanguruma kwa sauti gani ya muziki.

Mama yako anasema ule. Mimi nasema usile sana mpaka utengeneze hiyo sauti.

Baba yako,
Velizar


Sofia, 9 Juni 2019

Baba,

Barua yako niliisoma kwenye tramu nikapitiliza kituo changu, nikarudi kwa miguu mvua ikininyeshea. Sikukasirika. Niliumia, ambayo ni tofauti.

Nilifika kazini nikalisikiliza sanduku lako asubuhi nzima. Hapa kwangu ni safi. Niliwaita wenzangu nao wakasema ni safi, mmoja akasema ndilo bora kuliko yote tuliyonasa mwaka huu. Nikawaambia baba yangu anasema limevaa makoti, wakarudi kwenye meza zao kwa heshima. Ni kweli kwamba mtu akishinda na sauti moja miezi miwili, masikio yanaizoea na kuanza kuisamehe. Wewe ulikuwa unaniambia kutoka jikoni, sabuni ya kunyolea ikiwa bado usoni, kwamba uzi wangu wa pili umelegea. Na kweli ulikuwa umelegea. Hujawahi kukosea hata siku moja.

Basi nimeanza upya. Tulikuwa tumenasa kwa maikrofoni kadhaa, unakumbuka, moja ikiangalia pembeni mwa spika na nyingine katikati kabisa, pale sauti inapokuwa kali. Safari hii nimeipa kazi ile ya katikati. Toleo jipya liko kwenye flashi iliyo ndani ya bahasha, lipakie kama nilivyokuonyesha. Kwangu sasa linachoma masikio kama siki, lakini sijiamini tena. Ulipige, kisha unirekodie kwa simu unachokisikia, unirudishie flashi kwa dereva.

Nimemwambia Yavor aliondoe sanduku lako kwenye programu ya vuli. Aliuliza kuna nini, nikamwambia kuna kosa. Aliuliza kosa gani, nikamwambia sijui. Nimefanya kazi hii miaka mingi, na sikumbuki kama nimewahi kumwambia mtu hivyo.

Zornitsa


Gabrovo, 14 Julai 2019

Mwanangu,

Rekodi imo kwenye flashi kama ulivyoagiza. Nimechelewa kwa sababu nilikuwa natafuta namna ya kukuandikia haya, na namna nzuri sijaipata, basi utaipokea mbaya.

Toleo lako jipya nalo limefunikwa. Limejitahidi kidogo, lakini ni yale yale, mtu anaimba akiwa amejifunika blanketi. Ukaandika kwamba kwako linachoma kama siki. Niliisoma sentensi hiyo nikaketi chini. Mwanangu anasikia siki na mimi nasikia blanketi, na sauti ni moja. Basi kilichobaki katikati yetu ni masikio yangu.

Nikaanza kujipeleleza. Nilikwenda shambani jioni nikamuuliza Kuncho, "Nyenje wanalia?" Akasema, "Wanapiga kelele mpaka kichwa kinauma." Mimi niliwasikia, lakini sikujua kama nawasikia wote. Nikaenda kwa daktari wa masikio. Alinifungia kwenye kichumba, akanipigia milio, akaniambia kwamba ile ya juu kabisa imepungua, jambo la kawaida kwa mtu wa umri wangu aliyesimama kando ya ngoma na matoazi nusu ya maisha yake. Alisema "la kawaida" kwa upole sana, na upole wake ndio ulionimaliza.

Nimeogopa, Zornitsa. Kazi ya kiwandani niliwahi kuogopa kuipoteza, na sikuogopa hivi.

Kwa hiyo rudisha sanduku kwenye programu. Kazi yako haina kosa, wenzako wamesema na mimi nasadiki. Mahakama imekuwa kiziwi, hukumu yake ifutwe. Kuncho nimemwambia watafute mtu mwingine wa siku ya Dimitar, kuna kijana wa Sevlievo anapiga vizuri. Sitaki kupanda jukwaani nipige nisichokisikia, watu wanitazame kwa upole kama yule daktari.

Mama yako hajui, na asijue. Ataanza kuniongelesha kwa sauti ya juu mbele ya majirani.

Baba


Sofia, 28 Julai 2019

Baba,

Nimeirudia barua yako mara nyingi na bado sijui kama unaniambia ukweli au unajitwisha lawama ili kazi yangu iokoke. Nakujua. Uliwahi kumwambia mwalimu wa hisabati kwamba wewe ndiye uliyenifanyia hesabu zangu, na ulizikosea makusudi ili aamini.

Rekodi niliisikiliza. Imefunikwa kweli, lakini simu ikiegeshwa kwenye hedifoni kila kitu hutoka hivyo, kwa hiyo haikunisaidia. Sitairudisha kazi kwenye programu kwa sababu baba yangu ameamua ghafla, ndani ya wiki moja, kuwa kiziwi. Na wewe usimpe yule kijana wa Sevlievo nafasi yako. Daktari alisema milio ya juu kabisa imepungua. Hakusema huwezi kupiga gitaa. Hayo umejiambia mwenyewe.

Nakuomba usiamue lolote kabla ya vuli. Mama simwambii. Lakini na mimi naogopa, ujue hilo.

Wako,
Zornitsa


Gabrovo, 15 Septemba 2019

Zornitsa mwanangu,

Kwenye boksi kuna mitungi ya lyutenitsa, ya pilipili zangu na nyanya za baba yako. Ile yenye kitambaa chekundu ni kali, usiwape watu wa Sofia, wataita gari la wagonjwa. Wiki nzima nimechoma pilipili kwenye roshani na jengo zima limenuka moshi, wala hakuna aliyeitisha mkutano, maana wote wanategemea kuonja.

Ingekuwa mingi zaidi, lakini vifuniko vingine vilifyatuka. Mitungi naiweka stoo ya chini, juu ya lile sanduku la baba yako, aliloliwekea kitambaa ili nidhani ni meza, kwa sababu hapo ndipo pakavu. Sasa yeye akianza kupiga, mitungi inacheza kama imealikwa harusini. Angelisogeza kidogo kutoka ukutani ingesaidia.

Najua alikwambia limekwenda Tryavna. Hata mimi aliniambia hivyo hivyo. Lilikwenda Tryavna mpaka kwenye mlango wa jengo, kisha likashuka ngazi za stoo pamoja na amplifaya yake, yeye na Kuncho wakilibeba huku mimi nikiwa kanisani. Walidhani sitaona michubuko kwenye ukuta wa ngazi. Nimenyamaza tu. Mume akiwa na siri ndogo ya kumshughulisha hatafuti kubwa.

Lakini si hilo linalonifanya nikae chini niandike, unajua sipendi kuandika. Kuncho aliniambia sokoni kwamba baba yako amekataa kupanda jukwaani siku ya Dimitar. Ukimuuliza kwa nini anaanza kuongelea nyanya. Ukimuita hageuki upesi, anakaa kwanza kama anayejiuliza kama ameitwa kweli. Bado anashuka chini kila alasiri, lakini anarudi na uso wa mtu aliyetoka mazikoni.

Mna barua zenu nyinyi wawili, na mimi sizisomi. Kama kuna linalomsumbua na wewe unalijua, liondoe. Na usimwambie kwamba mimi najua habari za sanduku. Mzee ana raha chache.

Mama


Sofia, 18 Septemba 2019

Mama,

Nimeisoma barua yako kazini na kucheka mpaka mwenzangu wa meza ya pili akavua hedifoni zake kuangalia kama naumwa. Baada ya hapo nililia kidogo, lakini hilo hakuliona.

Baba haumwi, Mama. Amekosea jambo moja tu, na kila mpiga gitaa anayekutana na visanduku hivi kwa mara ya kwanza hulikosea. Mimi ndiye niliyeshindwa kuligundua, kwa sababu niliamini sanduku liko Tryavna. Umeniokoa mimi na yeye bila kujua, na umefanya hivyo kwa kulalamikia mitungi. Nitamwandikia leo leo. Siri yako iko salama, nitajifanya nimegundua mwenyewe.

Lyutenitsa ya kitambaa chekundu nimeila peke yangu kwa kijiko.

Zornitsa


Sofia, 18 Septemba 2019

Baba,

Za mwizi ni arobaini, na zako zimetimia.

Nimeisikiliza tena rekodi yako, safari hii kwa makini, na nimesikia ambacho sikukitegemea. Umeniambia umevaa hedifoni. Hukuvaa. Uliambiwa uachane na sanduku, ukaapa limekwenda Tryavna. Halikwenda. Sasa hivi liko mahali fulani ndani ya jengo, ninadhani stoo, na kisanduku changu umekichomeka nyuma ya amplifaya yako ya zamani, na amplifaya umeichomeka kwenye sanduku lako. Bisha.

Unaona ulichofanya? Kisanduku changu kinaigiza amplifaya na pia kinaigiza sanduku la spika. Sauti ikitoka humo imeshapita kwenye mbao za bibi. Wewe ukaichukua ukaipitisha kwenye mbao za bibi mara ya pili. Ni kama mpishi ametia chumvi, kisha mlaji naye akatia chumvi ile ile bila kuonja. Na spika ya gitaa, wewe ndiye uliyenifundisha, nusu ya kazi yake ni kunyoa: inakata makali ya juu ili uzi usitoboe masikio. Sauti yako umeinyoa mara mbili, halafu unashangaa imekuwa na kipara.

Kwa hiyo hakuna makoti, hakuna blanketi, na hakuna kiziwi. Nilipokutumia toleo kali kama siki, sanduku lako liliinyoa siki yenyewe, ndiyo maana ukaona imejitahidi kidogo. Ulisikia sawasawa kabisa, Baba. Kila neno uliloniandikia kuhusu sauti ile lilikuwa la kweli. Uongo ulikuwa kwenye mengine.

Nimekasirika pia, usidhani nimesahau. Tangu Juni nimeamini kwamba sijui kazi yangu, na wewe umeamini kwamba masikio yako yamekwisha, kwa sababu tu ya mtu wa Tryavna ambaye hayupo. Ungeniambia ningekuelewa. Mimi ni mtoto wa nani?

Sasa fanya hivi. Pembeni mwa kisanduku kuna kitufe chenye alama ya mraba. Ukitaka kukitumia pamoja na sanduku la mbao, kizime hicho, maana mbao za kweli zipo na za kuigiza hazina kazi. Ukitaka kutumia hedifoni, kiwashe. Lakini kwanza lipakie lile toleo la mwanzo, nimelirudisha kwenye flashi hii. Washa kitufe. Vaa hedifoni. Zivae kweli. Kisha niandikie kuhusu masikio yako.

Zornitsa


Gabrovo, 29 Septemba 2019

Mwanangu mwenye masikio ya popo,

Bado sijui umejuaje. Nimeirudia rekodi ile na Kuncho, tukaisikiliza mpaka akasinzia, na hatukusikia lolote lililosema "stoo". Nawahurumia wanaume watakaotaka kukudanganya.

Ni kweli yote. Nililipeleka mpaka mlangoni nia yangu ikiwa safi. Gari la kukodi lilikuwa limefika. Kisha niliweka mkono juu ya ile mbao ya ubavuni, yenye alama ya komeo la kabati, nikakumbuka mimi na Kuncho tulivyokuwa tunaisugua kwa msasa kwenye ua wa mama mkwe, yeye akitulaani kutoka dirishani. Wakati ule hakuna duka lililokuwa linauza kitu kama hicho. Ama ulitengeneza, ama ulikaa kimya. Nikamwambia dereva wa gari arudi zake. Mama yako nilimuahidi, wewe ulikuwa umekuja kutoka Sofia kulinasa ili nisiumie, na mimi sikuwa na uso wa kumwambia yeyote kati yenu. Njia ya mwongo ni fupi, ila yangu ilikuwa na ngazi za kushuka, ikarefuka kidogo.

Sasa la hedifoni. Nilikuwa nazidharau, nikisema hizo ni za marubani. Juzi nikapakia toleo la mwanzo, nikawasha kitufe, nikazivaa. Nikagusa uzi wa kwanza.

Mwanangu, nilisikia ngozi ya kidole changu ikiachana na chuma. Nilisikia ukumbi, nikasikia hewa iliyokuwa mbele ya spika. Nilipiga kitu kidogo, cha kipuuzi, halafu nikaacha kupiga na kukaa nikisikiliza kinavyoisha. Nililia, nakwambia bila haya. Milio ya juu aliyoniambia daktari labda imekwenda, siitafuti. Iliyobaki inanitosha mimi na Radi Kavu nzima.

Kuncho nimemwambia napanda jukwaani. Akasema yule kijana wa Sevlievo hakuwahi kuambiwa lolote, kwa sababu yeye Kuncho alikuwa anangoja nirudiwe na akili. Na wewe mwambie mkuu wako kosa limepatikana, na halikuwa lako. Wafini wapige.

Sasa nafanya mazoezi kwa hedifoni peke yake, kila alasiri, kama ulivyoagiza. Sanduku limekaa kimya chini ya mitungi na halisumbui mtu. Mama yako hajui kitu, na kwa jinsi ninavyokwenda hatajua kamwe. Nina furaha, Zornitsa. Sikutegemea kuandika hivyo mwaka huu.

Baba yako,
Velizar


Gabrovo, 20 Oktoba 2019

Zornitsa,

Sijui ulimwambia nini baba yako, lakini kitangue.

Nilikuomba umwondolee kinachomsumbua, umemwondolea, nakushukuru. Anakula, anapiga miluzi bafuni, Kuncho ananiambia atapanda jukwaani. Lakini jikoni kwangu kumekuwa kimya tangu mwisho wa Septemba, na nimevumilia nimechoka.

Nikueleze, maana hili sijamwambia mtu. Mabomba ya kupasha jengo joto yanatoka stoo, yanapanda nyuma ya jiko langu. Akipiga kule chini, sauti inapanda nayo. Tangu Mei nilikuwa namsikia kila siku, kwa mbali, kama redio ya jirani mwenye adabu. Niliponyoosha mkono kwenye ule mkutano sikukosea, kwa sababu sebuleni sanduku lile lilikuwa linatikisa meno yangu ya bandia kwenye glasi. Lakini kupitia bomba lilikuwa la kiasi changu. Alipokuwa na huzuni nilijua kabla hajapanda ngazi. Alipokosea akarudia, na mimi nilikuwa nikirudia kukata kitunguu. Tulikuwa tunapika wote, ila yeye hakuwa na habari.

Kisha kimya. Wiki ya kwanza nilisema amechoka. Wiki ya pili nikasema ameacha, na ile furaha yake ni ya kunidanganya mimi, kama ya Tryavna. Jana nikavua aproni nikashuka.

Mlango ulikuwa wazi. Amekaa juu ya kreti ya viazi, hedifoni masikioni, macho amefumba, vidole vinakimbia, anatabasamu peke yake. Nilichokisikia mimi ni nyuzi tu, tiki tiki tiki, kama kuku anadonoa bati. Nilisimama pale nikimtazama mume wangu ana furaha ambayo nimeitamani mwaka mzima, na mimi sikualikwa. Sikujua hata anapiga nini.

Nikamvua hedifoni. Akaruka kama mtoto aliyekutwa na sukari, akaanza, "Tsonka, hili sanduku, yule mtu wa Tryavna alilirudisha..."

Nikamwambia, "Tryavna naijua tangu mwezi wa tano, Velizar. Wala sikushuka kwa ajili ya sanduku. Umejifungia na muziki wako masikioni. Na mimi je?"

Nikamwonyesha bomba. Akaliangalia bomba, akaniangalia mimi, akauliza kwa sauti ndogo sana, "Kila siku?"

"Kila siku."

Akainama. Nilidhani anatafuta cha kujitetea, kumbe anafuta macho kwa kile kitambaa anachofutia gitaa. Kisha akauliza, mpumbavu huyu, kama sauti ilikuwa inanifikia ikiwa imefunikwa. Nikamwambia mtu anayesikiliza kupitia sakafu na ukuta hana cha kulinganisha nacho, na kwamba ilikuwa nzuri. Akabonyeza kitufe fulani, akachomeka waya kwenye sanduku, akauliza nataka nini. Nikamwambia angoje kwanza nifike juu.

Nilipanda ngazi upesi kuliko magoti yangu yanavyoruhusu. Nikazima feni ya moshi, nikaketi karibu na bomba, na akaanza. Supu iliungua, tumeila hivyo hivyo.

Jumamosi, siku ya Dimitar, uje, usiniletee habari za kazi. Kuncho anasema viti vimekwisha, lakini mimi nimeshatuwekea nafasi mbili mstari wa mbele, moja yako na moja yangu. Miezi yote hii nimemsikiliza baba yako kupitia bomba. Nataka safari hii nimsikie nikiwa namwona, na yeye ananiona.

Mama